Wasomaji Wanauliza: Fa Mbili katika Ave Verum Corpus ya William Byrd

Barua nne tunazozijibu katika toleo hili zimetoka katika mitaa mbalimbali ya Bukavu, na zote zinahusu wimbo mmoja ambao hauzidi sana dakika nne. Tumeona ni afadhali kuzijibu kwa pamoja kuliko kuzitawanya katika matoleo mengi. Majina ya waandishi tumeyaacha, na barua zilizokuwa ndefu tumezifupisha.

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu msaidizi wa korali ya parokia hapa Kadutu. Kwa miaka mingi tumeimba Ave verum ya Mozart kwenye sikukuu ya Ekaristi, na waumini wameizoea. Mwaka huu padri ametuletea nyingine, ya Mwingereza anayeitwa William Byrd, ya sauti nne bila kinanda. Tatizo limeanza kwenye neno la kwanza lenyewe. Soprano wanamaliza «Ave» kwa fa dieze, na papo hapo besi wanaingia «verum» kwa fa ya kawaida. Nusu ya besi wanasema ni kosa la uchapaji na wameanza kuimba fa dieze wote. Je, wana haki? Na kwa ujumla, wimbo huu una tabia gani: ni wa huzuni au ni wa kuabudu?*

Ndugu mwalimu, waombe besi wako wairudie fa ya kawaida, kwa sababu hakuna kosa la uchapaji mahali hapo. Byrd aliandika hivyo kwa kukusudia, na mkiisawazisha noti hiyo ili ifanane na ya soprano mtakuwa mmeondoa kitu kile kile kinachoufanya wimbo huu utambulike baada ya noti tatu tu.

Katika toleo mnalolitumia, ambalo ndilo linaloimbwa zaidi, wimbo umeandikwa kwa sol minori. Katika mpangilio huo noti ya fa ina nyuso mbili. Sauti inapopanda kwenda sol, au inapofika mahali pa kutua, fa huinuliwa nusu toni ikawa fa dieze, lakini inaposhuka, au inapokwenda njia nyingine, hubaki fa ya kawaida. Watunzi wa karne ya 16 hawakuziandika sauti nne kama nguzo moja ya akodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, inayosogezwa kutoka pigo hadi pigo. Waliandika nyimbo nne zinazokwenda sambamba, kila moja ikiwa na mwendo wake halali, na kwa hiyo ilitokea soprano akawa na sababu nzuri ya kuimba fa dieze wakati ambao besi naye ana sababu nzuri ya kuimba fa ya kawaida. Palestrina na Waitalia wenzake waliepuka sana kukutanisha nyuso hizo mbili karibu karibu. Waingereza, kinyume chake, waliupenda mgongano huo: utausikia kwa Thomas Tallis, aliyemtangulia Byrd, na utausikia tena kwa Henry Purcell karibu miaka mia moja baadaye, na katika vipande vingine fa mbili hazifuatani tu, zinalia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ladha yenyewe si ya Byrd peke yake, bali ni ya nchi nzima.

Jambo ambalo ni la Byrd ni mahali alipoiweka. Wengi waliutumia mgongano huo mwishoni mwa sentensi, pale sauti zinapotua, kama kiungo cha kuongeza utamu kabla ya akodi ya mwisho. Yeye ameuweka mwanzoni kabisa, kabla sikio halijapata hata kujua wimbo unakwenda wapi. «Ave» ni salamu, nayo imewekwa kwa utulivu. Fa dieze ya soprano inalifanya sikio lingojee sol. Badala ya kupewa sol, sikio linapewa fa ya kawaida kutoka chini, kwa sauti ya besi, na mshtuko huo mdogo unaangukia silabi ya kwanza ya «verum». Salamu yenyewe imepita kwa ulaini, lakini neno linalosema kwamba mwili huu ni mwili kweli limepigiwa mstari kwa wino mzito. Katika Uingereza ya mwaka 1605, wimbo huu ulipochapishwa, hilo ndilo neno lililokuwa likiwagawanya Wakatoliki na Kanisa la taifa. Hayo tutayaeleza tukifika kwenye barua ya pili.

Sasa kuhusu tabia ya wimbo. Unauliza kama ni wa huzuni au wa kuabudu, nami ningejibu kwamba ni wa kushuhudia. Naelewa kwa nini korali yako inasikia huzuni: sisi tumelelewa na muziki wa karne za baadaye, ambao umetufundisha kwamba minori ni machozi na meja ni furaha. Byrd alitunga kabla mgawanyo huo haujakomaa. Mpangilio unaotua juu ya sol huku noti ya si ikiwa bemoli, yaani imeshushwa nusu toni, ulikuwa kwake mavazi ya kawaida ya jambo zito, liwe la majonzi au la shangwe. Tusimlazimishe kulia.

Usikilize umbo lote, utaona kwamba wimbo una sehemu mbili zisizofanana. Tangu «Ave verum corpus» mpaka «in mortis examine», sauti nne zinatembea pamoja kwa sehemu kubwa, silabi juu ya silabi, na maneno yanasikika wazi hata kwa mtu aliyekaa benchi la nyuma. Kila sentensi inasemwa, inafika mwisho wake, inatua, halafu inayofuata inaanza: aliyezaliwa na Bikira Maria, aliyeteswa kweli, aliyetolewa sadaka msalabani kwa ajili ya mwanadamu, ambaye ubavu wake uliochomwa ulitoka damu. Hakuna mapambo marefu wala silabi inayovutwa kwa noti kumi na tano, ingawa Byrd alikuwa hodari sana wa kazi hiyo, na motete zake, yaani nyimbo takatifu za sauti nyingi, za miaka ya nyuma zinathibitisha. Hapa amejizuia. Watu wazima wanasimama mbele ya kitu wanachokiamini na kukitaja sifa zake moja baada ya nyingine, bila haraka na bila kupaza sauti.

Kisha inakuja «O dulcis», na hapo hali inabadilika. Soprano anaita kwanza, na sauti tatu za chini zinamjibu. Mazungumzo hayo yanapanda hatua kwa hatua kupitia «O pie» na «O Jesu, Fili Mariae», na yanapofika «miserere mei» sauti haziendi tena pamoja hata kidogo. Moja inaanza, nyingine inaikatiza, ya tatu inaingia juu yao, na ya nne inachelewa. Migongano ile ya noti zenye jina moja inarudi humo, safari hii ikiwa imechanganyikana na noti zinazosuguana kabla ya kutulizwa. Liangalie neno lenyewe: katika sehemu ya kwanza wanasema «esto nobis», utuwie sisi, lakini mwishoni wanasema «miserere mei», unihurumie mimi. Muziki umeufuata wingi na umoja huo kwa uaminifu wa ajabu. Kusanyiko linapokiri linakiri kwa mdomo mmoja, na kila mtu anapoomba huruma anaiomba kwa wakati wake na kwa njia yake. Naona hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika wimbo huu, zuri hata kuliko fa mbili za mwanzo, ambazo kila mtaalamu huzikimbilia.

Sehemu yote hiyo, kuanzia «O dulcis», inarudiwa. Tafadhali msiifute marudio ili kuokoa muda wa misa. Bila hayo wimbo unakuwa tamko refu lenye kaombi kadogo mwishoni, na uwiano wake unaharibika. Baada ya marudio inakuja «Amen» fupi inayotua juu ya sol meja, kama ilivyokuwa desturi ya enzi ile kuifunga minori kwa akodi yenye si ya asili.

Kwa kuwa mmezoea Mozart, ulinganisho utawasaidia. Mozart alitunga Ave verum yake mwezi wa Juni 1791 huko Baden, karibu na Vienna, kwa ajili ya rafiki yake Anton Stoll aliyeongoza muziki wa kanisa la mji huo. Ni ya re meja, ina vinanda vya nyuzi na ogani, na ina mizani 46 tu. Tena maneno yake yanaishia «in mortis examine»: ule mwito wa «O dulcis» na ombi la «miserere mei» havimo kabisa. Ndiyo maana ya Mozart ni anga moja lisilobadilika tangu mwanzo mpaka mwisho, wakati ya Byrd inageuka katikati. Mkiimba ya Byrd kwa ulaini mmoja wa Mozart, mtapata wimbo unaochosha, na waumini watawauliza kwa nini mmewanyima ule wa zamani.

*Mhariri mpendwa, mimi ni mzee mstaafu wa ualimu, naishi Ibanda. Mjukuu wangu anaimba katika korali, na alinieleza kwamba Byrd huyo alikuwa mwanamuziki wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, yaani wa Kanisa la Kianglikana. Inakuwaje mtu kama huyo atunge wimbo wa Ekaristi kwa Kilatini? Na mambo hayo ya historia, je, yanasikika kweli ndani ya muziki, au ni hadithi ambazo watu wanazimimina juu yake baadaye?*

Mzee wetu, swali lako la pili ni gumu kuliko la kwanza, kwa hiyo acha tuanze na lile jepesi.

Mjukuu wako hakukosea. Byrd, aliyezaliwa karibu na mwaka 1540, alikuwa mpiga ogani wa kanisa kuu la Lincoln kuanzia mwaka 1563, kisha akaingia katika kundi la waimbaji wa kanisa la kifalme mjini London. Mwaka 1575 Malkia alimpa yeye pamoja na Thomas Tallis haki ya pekee ya kuchapisha muziki nchini. Wakati huo huo alikuwa Mkatoliki, na kadiri alivyozeeka ndivyo alivyozidi kuwa Mkatoliki waziwazi. Sheria ya mwaka 1581 ilitoza paundi 20 kwa mwezi kwa mtu asiyehudhuria ibada ya Kanisa la taifa, kiasi ambacho kingeweza kufilisi familia, na sheria ya mwaka 1585 ilimhesabu padri aliyeingia nchini kutoka ng'ambo kuwa mhaini. Jina la Byrd na jina la mke wake yalionekana katika orodha za waliokataa kuhudhuria. Hata hivyo Malkia alipenda muziki wake, na wakubwa kadhaa walimlinda, naye akaponea pale ambapo wengine hawakuponea. Katika miaka ya 1590 alihamia kijiji cha Stondon Massey, huko Essex, karibu na familia ya Petre, ambayo ilikuwa ya Kikatoliki na iliyokuwa na uwezo wa kuadhimisha misa nyumbani kwa siri. Huko ndiko alikofia mwezi wa Julai 1623.

Ave verum imo katika mkusanyiko wake uitwao Gradualia, ambao kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1605 na cha pili mwaka 1607. Kazi hiyo ni kubwa mno: muziki wa sikukuu za mwaka mzima, na katika kitabu cha kwanza kipo kifungu cha sikukuu ya Mwili wa Kristo, na ndani ya kifungu hicho kipo kipande chetu hiki. Alikitoa kitabu kwa heshima ya Henry Howard, mkuu wa Northampton, na bila shaka jina kubwa kama hilo lilikuwa kinga. Kinga hiyo haikuwafunika wote. Mwaka ule ule Mfaransa mmoja, Charles de Ligny, alipelekwa gereza la Newgate kwa sababu alikutwa na vitabu vya Byrd. Mwezi wa Novemba 1605 njama ya Wakatoliki wachache ya kulipua Bunge kwa baruti iligunduliwa, na tangu hapo mambo yakawa mabaya zaidi kwa Wakatoliki wote, wakiwemo wasiojua lolote.

Ongeza hapo jambo la imani. Kanisa la Uingereza, katika kanuni zake 39, lilikuwa limekataa fundisho kwamba mkate wa misa hugeuka kuwa mwili wenyewe wa Kristo. Kuimba «Ave verum corpus», maneno ya karne ya 14 yaliyozoeleka kuimbwa hostia inapoinuliwa, kulikuwa kutamka kwa sauti kile ambacho dola lilikikanusha kwa maandishi. Ndiyo sababu nasema kwamba fa ya besi iliyowekwa juu ya «verum» haikuangukia hapo kwa bahati. Byrd mwenyewe aliandika katika utangulizi wa Gradualia kwamba maneno matakatifu yana nguvu iliyofichika, na kwamba kwa mtu anayeyatafakari noti zinazofaa hujileta zenyewe. Mtu anayesema hivyo hagongani na neno bila kujua.

Sasa lile swali gumu. Mimi nafikiri baadhi ya historia hiyo inasikika na nyingine haisikiki, na wanaoandika juu ya Byrd wakati mwingine huvuka mpaka. Ufupi unasikika. Uchache wa waimbaji unasikika, kwa maana wimbo hauhitaji umati wala ogani, na unakaa vizuri katika chumba cha nyumba ya kawaida. Msisitizo juu ya neno la imani unasikika. Tofauti kati ya kukiri kwa pamoja na kuomba peke yako inasikika. Lakini mtu akiniambia kwamba anasikia hatua za askari mlangoni, au kwamba kila noti inayosuguana ni kilio cha shahidi aliyenyongwa, nitamjibu kwa adabu kwamba migongano kama hiyo imejaa hata katika nyimbo za Kiingereza ambazo Byrd aliliandikia Kanisa la Malkia bila hatari yoyote. Sisi hapa Bukavu tunajua maana ya kusali katika nyakati ngumu, na ni rahisi kwetu kumpa Byrd hofu zetu wenyewe. Tumpe kile kilichomo kwenye karatasi, kinatosha.

*Mhariri, mimi ni mama wa sauti ya alto kutoka Bagira. Mwalimu wetu anataka tuimbe Ave verum ya Byrd polepole mno, akisema ni wimbo wa machozi. Tunaishiwa pumzi na tunashuka toni, na mwisho tunajikuta tumemaliza chini kuliko tulipoanza. Je, ni lazima iwe polepole hivyo?*

Hapana, Mama, si lazima, na pumzi zenu zinawaambia ukweli.

Byrd hakuandika alama ya kasi. Tena vitabu vilivyochapishwa mwaka 1605 havikuwa na mistari ya kugawa mizani. Kila sauti ilikuwa na kitabu chake, na mwimbaji wa alto hakuona kabisa kile ambacho besi anaimba. Alihesabu, alisikiliza, na alilifuata neno. Mistari ya mizani mnayoiona kwenye karatasi zenu iliwekwa na wahariri wa baadaye ili kutusaidia sisi. Mwalimu anayepiga mapigo manne mazito kwa kila mzani anaupa wimbo mwendo ambao haukuwa nao, na hiyo mara nyingi ndiyo sababu ya kuchoka na kushuka, kuliko hata upungufu wa mazoezi. Mwombeni apige mapigo mawili mapana, na aiache kila sentensi ifike mwisho wake kwa pumzi moja. «Ave verum corpus natum de Maria Virgine» inapaswa kuimbika bila mtu kuzimia. Kama haiwezekani, mnakwenda polepole kupita kiasi.

Kuhusu kutamka, tunayo bahati. Irabu tano za Kiswahili ndizo hasa irabu tano za Kilatini cha kanisa, na waimbaji wetu hawahitaji mafunzo ya miezi ili kutoa «o» safi katika «O dulcis». Wasiifuate tu shule ya Kifaransa kwa kuibana «u» ya «corpus» puani na midomoni. Lakini mkazo ndio unaotuponza. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa «immolatum», «perforatum» na «miserere» mambo yanakwenda sawa. Kwa «Virgine», «homine», «sanguine» na «examine» yanaharibika, maana Kilatini hapo kinakaza silabi ya tatu kutoka mwisho, na hayo ndiyo maneno yanayofunga sentensi nne za sehemu ya kwanza. Korali ikiimba «homíne» na «sanguíne», kila mwisho wa sentensi unakuwa mzito mahali ambapo Byrd aliutaka uwe mwepesi, na wimbo mzima unasikika kama unavuta miguu. Rekebisheni maneno hayo manne kwa kuyasoma tu, bila kuimba, kabla ya mazoezi. Nadhani nusu ya uzito unaolalamikia itaondoka hapo.

Nyinyi wa alto mna kazi moja zaidi. Mfikapo «miserere mei», kila sauti inayoingia inapaswa kusikika ikiingia, kisha irudi nyuma ili kuipisha inayofuata. Wanakorali wengi hufanya kinyume: wanaingia kwa woga, halafu wanapaza sauti katikati, wakati ambapo zamu yao ya kusikilizwa imekwisha. Mwalimu awaimbishe ukurasa huo sauti mbili mbili, alto na tenori kwanza, kwa kuwa sauti za ndani ndizo zinazobeba msuguano mwingi na ndizo ambazo hazisikilizwi na mtu.

*Habari Mhariri. Korali yetu ya vijana hapa Panzi ina tenori wawili na besi watatu tu. Tunaweza kuiimba? Kuna wenzetu wanaotaka tuongeze kinanda ili kujaza, na wengine wanataka ngoma ili waumini washiriki. Na je, tukipiga fotokopi za wimbo tunavunja sheria?*

Kijana wetu, tenori wawili wanatosha. Katika nyumba kama ile ya akina Petre huenda mara nyingi sauti moja ilibebwa na mtu mmoja au wawili, wakiwemo watu wa nyumbani wasio waimbaji wa kazi. Punguzeni soprano mpaka walingane na tenori, hata kama wengine watanuna. Wimbo huu unavumilia uchache wa watu kuliko unavyovumilia soprano ishirini juu ya tenori wawili.

Kinanda ningekiacha. Kwenye mazoezi kinafaa kuwapa noti, lakini siku yenyewe kinazifunika fa mbili za mwanzo na kuzifanya zionekane kosa la vidole. Zaidi ya hayo, sauti zisizosindikizwa huweza kuinyoosha fa dieze ipande kidogo na si ya mwisho itue pazuri, jambo ambalo kinanda cha umeme hakiwezi. Na umeme ukikatika hamtakuwa na la kuogopa.

Ngoma nayo hapana, ingawa si kwa sababu ngoma haistahili kuwa kanisani. Katika nchi yetu suala hilo lilijibiwa zamani: Missa Luba, misa ya Kilatini iliyopigiwa ngoma za Kongo, iliyoandaliwa na padri Guido Haazen pamoja na waimbaji wake wa Kamina huko Katanga, ilirekodiwa mwaka 1958, na misa kwa taratibu za majimbo ya Zaire ilikubaliwa na Roma mwaka 1988. Sababu ni ya kimuziki tu. Ngoma inahitaji pigo linalorudi, na Byrd anahamisha uzito kutoka silabi hadi silabi kwa kufuata neno, kiasi kwamba katika «miserere mei» kila sauti ina uzito wake kwa wakati tofauti. Mpiga ngoma atamfuata nani kati ya wanne? Wekeni ngoma kwenye Utukufu na kwenye maandamano ya matoleo, na Ave verum iimbwe baada ya komunyo, watu wakiwa wamekaa.

Kama sol minori inawapanda soprano wenu, teremsheni toni moja bila wasiwasi. Siku za Byrd hakukuwa na kipimo kimoja cha toni kilichokubaliwa kila mahali, na matoleo ya leo yenyewe hayalingani. Angalieni tu besi wasizame.

Fotokopi ya muziki wenyewe ni halali, kwa kuwa mtunzi alikufa zaidi ya miaka 400 iliyopita. Kinachoweza kulindwa ni kazi ya mhariri wa toleo jipya, kama vile alama za nguvu, ufupisho wa kinanda na maelezo. Maktaba ya nyimbo za kwaya ya intaneti inayoitwa CPDL ina matoleo kadhaa ya wimbo huu yanayopakuliwa bila malipo. Chagueni lile linaloonyesha wazi alama ya bekari (inayorudisha noti kuwa ya kawaida) kwenye fa ya besi mwanzoni, ili mjadala wa Kadutu usihamie kwenu.